Ghorofa la wakubwa, dagaa marufuku

Watu hapa Kigoma wakisikia naishi kwenye lile ghorofa la wakubwa, wanadhani nimeukata. Kodi inalipwa na kazini kwa mume wangu, miezi sita kwa mkupuo, basi.

Raha zipo, sitazikana. Umeme ukikatika jenereta linawaka lenyewe, maji hayakatiki, na anga likiwa safi naiona milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika nikiwa bado na kanga.

Lakini masharti! Mkataba unakataza kuanika chochote kibarazani. Sasa mtu aishi Kigoma asianike dagaa? Jiko la mkaa nalo marufuku, kwa hiyo migebuka, samaki wa ziwa letu, naenda kuichomea kwa wifi yangu mtaa wa Mwanga, narudi nayo kwenye hotpoti, na bado harufu inajaa lifti nzima. Jirani yangu, mtu wa mashirika anayekwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, siku moja akauliza nimebeba nini. Nikampelekea sahani na ugali wa muhogo. Tangu hapo ananiita dada. Wengine tunapishana kama abiria wa stendi, hata salamu ya kuibia hakuna.

Kinachoniudhi hasa ni kodi ya majengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, na anayenunua umeme ni mimi mpangaji, wakati jengo ni la mwenyewe. Nilimuuliza msimamizi. "Mama, hilo ongea na bosi." Bosi yuko Dar, simu hapokei.