Umewahi kupita kwa miguu?

"Hapo ulipopaka kijani, mwanangu, umewahi kupita kwa miguu?"

Tangu Jumanne neno hilo halinitoki. Harusi ya Zuhura imepita salama, gari la kazi limelala Mkata siku mbili, na mimi bado nimo palepale Mkwaja, kwenye benchi la ofisi ya kijiji, ramani ya malisho ya kuro na tohe, wanyama wa jamii ya swala, nimeitandaza, wazee wameiinamia. Babu aliuliza kwa upole, kidole kikiwa juu ya kijani. Nami nikamjibu, "Satelaiti imepita, babu."

Wenzake wakanyamaza. Yeye akasema, "Haya, mwanangu." Hiyo "haya" ndiyo inayoniuma. Mzee wa umri ule nimemjibu mkato mbele ya watu! Mama angekuwapo angeniuliza nimelelewa nyumba gani.

Na swali lilikuwa la haki. Satelaiti huleta picha kila siku tano, kila kidoto mita 10 kwa 10, lakini kwake kijani ni kijani. Uwanda wa majani na kichaka cha migunga na mikulagembe kilichofungamana, vyote nilivipaka rangi moja. Kuro ni mla majani. Kwenye miiba ile atafuata nini?

Alhamisi nikaenda kwake kumwomba radhi. "Yamekwisha hayo. Viatu vyako vigumu?" Tukaingia Saadani na askari wa hifadhi. Kijani changu kilikuwa ukuta wa miiba mitupu. Mbele kidogo, nilipopaka njano kwamba hapafai, tukakuta ukoka umeliwa hadi chini, kinyesi kibichi, nyayo juu ya nyayo. Babu akachutama, akafukua udongo kwa kidole, akanipa ninuse. Mweusi, laini.

"Hili lilikuwa boma. Hapa nimelaza ng'ombe mimi."

Ranchi ya ng'ombe iliyokuwapo hapa ilifungwa mwaka 2000, hifadhi ya taifa ikatangazwa 2005, na samadi ya ng'ombe wale hadi leo inaotesha majani matamu. Mara mluzi ukalia, tohe akachomoka kwenye majani marefu ya kando. Babu akanishika mkono. "Umemwona? Umemwona?" Nimemwona, babu.

Amenionyesha maboma manne. Yote nimeyatia kwenye ramani leo, kwa majina waliyoyaita wachungaji wenyewe, na nimefurahi jinsi sijafurahia kazi hii miezi mingi.

Kikohozi cha Nuru kimerudi. Nimemsikia mara tatu tangu nianze kuandika, na kesho alfajiri nina safari ya Pangani.