Kitanda cha Mgeni

Tangu Jumamosi kuna jibu moja la Mama ambalo ninakwenda nalo kazini na kurudi nalo, na ninaliandika hapa kwa sababu nimechoka kulisikia kichwani peke yangu. Mnaofuatilia shajara hii mnajua kwamba mkataba wangu wa uuguzi hapa Rochester, Minnesota, unaisha mwisho wa mwezi, kwamba nimekwisha kumwarifu mwenye nyumba kuwa siongezi kodi, na kwamba badala ya kutafuta chumba kingine Arizona, kisha kingine tena baada ya wiki 13 ambazo ndizo urefu wa kawaida wa mikataba yetu, nimekusudia kununua gari la kuishi na kuhama nalo kila kazi inakonipeleka. Kilichobaki kilikuwa kuchagua gari lenyewe, na nilidhani hilo ni suala la vipimo na fedha tu.

Jumamosi nilikuwa yadini, nimesimama ndani ya Ram ProMaster iliyogeuzwa nyumba, nikampigia Mama simu ya video ili naye aione. Nilimwonyesha kitanda kilicholazwa kwa upana, sinki, jiko la umeme, jokofu lililonifika kiunoni, na kile kijichumba cha choo nikakipitisha haraka, kwa kuwa kilikuwa hatua moja tu kutoka jikoni na ninamjua Mama. Hakusema lolote kuhusu choo. Alitazama kimya, akaniomba nirudi mlangoni nianze upya, nami nikaanza upya, kisha akauliza:

"Mgeni akija, utamweka wapi?"

"Huku hakuna wageni, Mama."

"Haya, mwanangu. Nimekuelewa."

Akahamia bei ya nazi, akanikumbusha kumpigia mjomba, akaniombea dua zake za kila siku na kuaga. Simu nzima haikuwa ndefu, na mtu aliyekuwa pembeni angesema kwamba tumezungumza vizuri.

Mimi nimeirudia kwa kila sauti ninayoijua kwake. Mama akikasirika huongeza maneno, hayapunguzi. Akitaka kukuonya hutafuta kisa cha jirani na kukuacha ujikute mwenyewe ndani yake. Akichoka husema wazi kwamba amechoka. Hiyo "nimekuelewa" haikufuatwa na kisa chochote. Usiku wa Jumatatu, nikiwa katikati ya kubadilisha dripu ya mgonjwa, nilisikia ndani yake lawama kwamba binti yake amezoea ubinafsi wa ugenini. Jumanne asubuhi nikasikia dharau kidogo, na jioni yake nikasikia huruma, ambayo ndiyo iliyoniudhi zaidi. Katika siku hizo hizo dada alijifungua mapacha salama pale hospitali ya Bombo, Tanga, na hospitali ninayofanyia kazi huku ikaniomba niongeze mkataba hadi majira ya kuchipua, nikakataa; yote nimeyapokea kwa nusu ya akili, hata shemeji aliponitumia picha za watoto nilizitazama nikijiuliza kama Mama alikuwa amesimama karibu na simu.

Ni lazima nieleze kwamba kwa Mama gari la kulala si jambo geni. Marehemu Baba aliendesha lori, na sehemu kubwa ya utoto wetu alikuwa analala kabini, Chalinze, Makambako au popote usiku ulipomkuta, utingo wake akilala juu ya mzigo. Mama ndiye aliyefua blanketi lenye harufu ya dizeli na kulianika uani Chumbageni, na ndiye aliyesema, kila Baba alipopitisha siku, kwamba mtu hulala garini kwa sababu hajafika. Kwa hiyo binti aliyesomeshwa kwa fedha za lori lile, ambaye sasa anataka kulipa dola nyingi kuliko thamani ya nyumba yetu ili alale garini kwa hiari, anadaiwa na mama yake maelezo marefu kuliko yale niliyoyatoa.

Maelezo ninayo. Nimechunguza magari haya kwa muda mrefu, na kama Mama angeniuliza kuhusu injini ningemjibu mpaka alfajiri. Niliwahi kulitamani lile tela kubwa linalofungwa juu ya kitanda cha pikapu, lenye sebule inayosukumwa nje kwa mota mara gari linapoegeshwa; ndilo lililo karibu zaidi na nyumba, lina kochi linalofunguka kuwa kitanda, na wauguzi wengi wenzangu wenye familia wanaishi humo. Lakini linadai pikapu nzito ya kulivuta, na mimi ninayetoka zamu yenye urefu wa saa 12 nikiwa nimelewa usingizi sioni nikirudisha nyuma mita 10 za tela katika giza la kambi nisiyoijua. Mabasi makubwa ya kuishi niliyaondoa mapema kwa sababu ya urefu na bei, na sikuyasikitikia.

Yakabaki makundi mawili. Kuna nyumba zinazojengwa juu ya chesisi ya Ford E-450, zile zenye paji la uso linalotokeza juu ya dereva na kitanda ndani yake. Uzito wake wa juu kabisa unaoruhusiwa ni takriban tani 6.6, injini ni V8 ya petroli ya lita 7.3, na ukipata kilomita nne kwa lita barabara ikiwa imenyooka na upepo umetulia, mshukuru Mungu. Na kuna vani. Mercedes Sprinter ni nzuri kuendesha, lakini mafundi wake hawapo kila mji na dizeli yake inadai majimaji ya ziada ya kusafisha moshi. Ford Transit yenye paa refu ina kimo cha ndani cha sentimita 207, hivyo hata mtu mrefu husimama wima. ProMaster, ambayo ni ndugu wa Fiat Ducato na imekuwa ikiuzwa huku tangu mwaka wa modeli wa 2014, ni fupi kidogo kwa ndani, lakini ina upana wa sentimita 192, na kuta zake zimesimama wima zaidi. Upana huo ndio unaomwezesha mtu wa kimo changu kulala kwa kukingama, kichwa ukuta huu na miguu ukuta ule, hata baada ya kuta kuvalishwa sufi ya kuzuia baridi, na nafasi iliyookolewa ikawa jiko. Isitoshe magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, kwa hiyo hakuna shafti inayopita chini kwenda nyuma, na sakafu iko chini kiasi kwamba mtu hapandi gari, anaingia.

Hayo yote ningeyasema. Ningemweleza pia kwamba betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 200 ina takriban kilowati-saa 2.5, kwamba sufuria ya wali wa nazi kwa nusu saa hula karibu robo yake, kwamba tangi la maji la lita 75 ni kilo 75 ambazo gari linazibeba kabla mimi sijaingia, na kwamba karibu na mlango kuna kibandiko kinachotaja uzito wa watu na mizigo usiopaswa kuzidishwa, kibandiko ambacho wauzaji hawakuonyeshi mpaka ukiombe. Yeye aliuliza swali moja, na halikuwa kati ya hayo.

Cha kushangaza ni kwamba Mama hayuko peke yake. Watengenezaji wengi wa magari haya huandika ndani ya dhamana kwamba hayakukusudiwa kuwa makazi ya kudumu, na bima yake ni tofauti na ya anayekwenda kupunga upepo wikendi. Mamlaka ya kodi nayo ina swali lake. Muuguzi wa mkataba hulipwa posho ya malazi isiyokatwa kodi kwa masharti kwamba ana makao anayoyagharimia mahali pengine. Asiye na makao hayo huhesabiwa kuwa mtu wa kuzunguka, nyumbani kwake ni popote anapofanya kazi siku hiyo, na posho yote hugeuka mshahara unaotozwa kodi. Dakota Kusini ina utaratibu wa kumpa msafiri leseni ya udereva kwa anwani ya kampuni inayompokelea barua, mradi athibitishe kwamba alilala jimboni angalau usiku mmoja, na wengi hufanya hivyo. Lakini anwani ya barua haimpi mtu makao ya kikodi, hata kama imeandikwa vizuri kwenye leseni. Mhasibu wangu alinieleza hayo kwa upole na nikakubali kupoteza msamaha huo, kwa kuwa hata nikiilipia posho hiyo kodi bado ninaokoa. Yeye pia, alipomaliza, alisema kwamba amenielewa, na sikukosa usingizi.

Mambo yalibadilika usiku wa kuamkia Ijumaa, wakati wa mapumziko. Nilikuwa nakula peke yangu katika chumba cha wafanyakazi na, kwa ukaidi wa kutaka kumshinda Mama, nikaanza kuorodhesha wageni niliowapokea katika nyumba hii ninayoihama. Ina vyumba viwili vya kulala. Kile cha pili nilikitandikia shuka za maua tangu nilipoingia, na ndimo ninamoanika nguo za kazi. Mwenzangu wa zamu aliwahi kuniletea dawa nilipougua mafua, akasimama mlangoni na viatu vyake vyenye theluji, akakataa kuingia ili asichafue zulia. Fundi wa mtambo wa joto aliingia. Mchungaji wa kanisa la mtaa aligonga, akaniachia karatasi. Hapo orodha ikakwama, na nikatambua kwamba nilimjibu Mama ukweli mtupu, na kwamba ukweli huo ndio aliouelewa. Hakunilaumu kwa kununua gari lisilo na nafasi ya mgeni. Alisikia kwamba nimeishi muda wote huu katika nyumba yenye kitanda cha mgeni bila mgeni, na sikuwa nimemwambia.

Sijui kwa nini jambo hilo, ambalo kwa haki lingepaswa kuniumiza zaidi, lilinipa nafuu, lakini lilinipa. Nilimaliza chakula changu na kuomba kipande cha keki cha mtu mwingine. Nikaanza hata kucheka, kwa sababu yote niliyokuwa nayapigania, ule upana wa sentimita 192 na sakafu ya chini, niliyachagua ili niache kulipia chumba cha nguo mbichi.

Baada ya usingizi wa mchana nilirudi yadini Ijumaa na kanda ya kupimia. Nilipanda kwanza ile nyumba ya Ford, nikakwea kwenye kitanda cha juu ya dereva, nikajaribu kumfikiria Mama na magoti yake akipanda ngazi ile usiku kwenda kutawadha. Haiwezekani. Kitanda hicho ni cha watoto wa watu wengine, na tani zile zote kwa ajili yake ni upuuzi. Kisha nikamwomba muuzaji anionyeshe ProMaster nyingine ambayo wiki iliyopita nilipita mbele yake bila kuitazama, ile yenye vitanda viwili vyembamba vilivyolazwa kwa urefu, kila kimoja ubavuni mwake, njia ikipita katikati. Choo na bafu viko nyuma kabisa, upana mzima, na jiko liko mbele karibu na mlango wa kusukuma, kwa hiyo kati ya choo na jiko kuna urefu wa mtu aliyelala. Viti viwili vya mbele vinazunguka na kutazama ndani. Nilikaa kwenye kimoja, muuzaji akakaa kwenye kingine bila kuambiwa, na tukazungumza muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuhusu mkewe aliyestaafu ualimu.

Ina kasoro zake. Vitanda viwili vinakula makabati, bafu la nyuma linazuia kupitisha kitu kirefu kwa milango ile mikubwa, na kila kitanda ni chembamba kiasi kwamba ninayependa kulala nimejitandaza nitajifunza adabu. Mabomba ya nje yatalazimika kukaushwa maji na kutiwa dawa ya kuzuia kuganda kabla sijaanza zaidi ya kilomita 2,500 za kwenda Tucson, Arizona, kwa sababu nitaondoka Minnesota baridi ikiwa imekwisha kuingia. Bei yake pia iko juu ya ile ya kwanza, na muuzaji anataka jibu Jumatatu. Nimekwisha kuiandikia benki. Mama sijampigia, nitampigia nikiwa na funguo mkononi, na safari hii nitaanza kumwonyesha kutoka chooni.

Ila jino la juu, la kushoto, limeanza kunitwanga tangu Alhamisi kila ninapokunywa cha moto, bima yangu ya meno inakoma siku ileile mkataba unapokoma, na daktari aliye karibu ameniambia kwamba nafasi yake ya kwanza ni wiki moja baada ya hapo.