Jumatatu yangu kwenye chumba cha dayalisisi

Saa 11:30 alfajiri

Naingia zamu kukiwa bado na giza. Mimi ni muuguzi wa dayalisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine pale figo zinaposhindwa, na kitengoni kwetu nimekabidhiwa pia lishe na mazoezi ya wagonjwa. Jumatatu ndiyo siku inayonipa wasiwasi. Wagonjwa wetu husafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, na hawa wa leo walitoka hapa Ijumaa. Pengo la wikendi ndilo refu kuliko mengine yote. Ndani ya siku hizo maji hujaa mwilini, na potasiamu, madini ya kwenye chakula ambayo figo zingeyatoa, inaweza kupanda hadi mapigo ya moyo yakavurugika.

Saa 12:00 asubuhi

Tunaanza na mizani. Kilo moja iliyoongezeka tangu Ijumaa ni takriban lita moja ya maji ambayo figo hazikuweza kuitoa. Mzee mmoja, seremala mstaafu, uzito wake mkavu, yaani bila maji ya ziada, ni kilo 62. Leo mizani inasoma 65.9. Tungependa ongezeko lisizidi asilimia 4 hivi, kwake yeye kama kilo 2.5. Nabonyeza kidole gumba kwenye ugoko wake, nakiondoa, shimo linabaki. Nahesabu hadi kumi, bado lipo.

"Sista, maji sikunywa mengi. Naapa."

"Nakuamini, mzee wangu. Hebu niambie ulikula nini."

Miaka yangu ya mwanzo ningemwambia apunguze maji, basi, niende kwa mwingine. Nilikuwa nakosea. Chumvi ikizidi kwenye damu, ubongo unadai maji, na hakuna binadamu anayeishinda kiu ya namna hiyo kwa kujikaza. Kumkataza mtu maji huku chumvi iko palepale ni kumtesa bure. Jumamosi alikula supu ya pakiti, Jumapili soseji na mkate, jioni supu tena. Tumeipata.

Kutoa lita 3.9 kwa saa nne kungemlazimu kupoteza karibu mililita 16 kwa saa kwa kila kilo ya mwili wake. Kikomo tunachokichunga ni 13, kwa sababu zaidi ya hapo moyo unaumia. Namwita daktari, anamwongezea muda wa mashine. Leo mzee hafanyi mazoezi.

Saa 1:45 asubuhi

Wote wameunganishwa, presha zimetulia. Sasa naleta baiskeli: pedeli mbili kwenye fremu fupi, nazifunga mbele ya kiti. Tunafanya mazoezi ndani ya saa mbili za kwanza tu. Baadaye, maji mengi yakishatolewa, presha huweza kushuka ghafla.

Mama mmoja wa miaka sitini na kitu ameshavua viatu kabla sijafika. Mkono wenye fistula, mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine, umelala juu ya mto, sindano mbili zimefungwa kwa plasta, na mkono huo hausogei hata kidogo. Miguu ndiyo inayofanya kazi. Soksi moja imetoboka kidoleni, anaicheka, anaendelea kukanyaga. Namsemesha makusudi. Akiweza kunijibu sentensi nzima, mwendo unafaa. Akianza kukatakata maneno, tunapunguza. Miezi minne iliyopita dakika tano zilimmaliza. Leo amefika 25.

Kabla hajaunganishwa asubuhi nilimpima: asimame na kukaa, mikono kifuani, kwa sekunde 60. Mara ya kwanza kabisa aliweza mara 6. Leo 13. Alikuwa haendi chooni bila mjukuu wa kumwinua, sasa anakwenda mwenyewe, na hilo analitaja kwa sauti ili jirani yake asikie. Kuna utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2023 uliotumia kipimo hikihiki kwa wagonjwa waliofanya mazoezi wakiwa kwenye mashine kwa miezi 12. Waliofanya walisimama mara nyingi zaidi kuliko mwanzo. Kwa wasiofanya idadi ilipungua, na hao ndio ninaowafikiria ninapoona mtu amelala saa nne akitazama dari.

Saa 3:30 asubuhi

Navuta kigoda kando ya kijana aliyeanza dayalisisi mwaka huu. Vipimo vyake vinaonyesha albumini, protini ya kwenye damu, imeshuka. Mizani yake, hata hivyo, haijabadilika, na hapo ndipo penye mtego: nyama ya mwili ikipungua, maji huingia mahali pake na namba inabaki ileile. Mashavu ndiyo yaliyoniambia ukweli. Nitamwambia daktari uzito wake mkavu upimwe upya.

"Kaka, nyama unakula?"

"Niliambiwa protini inaua figo, sista. Niliacha nyama, mayai, maharage, vyote."

Aliambiwa hivyo kabla ya mashine, na wakati ule kupunguza protini kulikuwa na sababu. Siku alipoanza dayalisisi mambo yaligeuka, kwa kuwa kila kipindi mashine huondoka na sehemu ya viini vya protini. Sasa anahitaji gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Hakuna aliyemweleza. Alipewa karatasi ya vyakula vilivyokatazwa, akaitii, akawa anajinyima huku akidhani anajitunza. Jambo hili linaniuma sana. Sisi wahudumu ni wepesi wa kusema "usile", na mtu akitoka hapo hajui ale nini.

Tunapanga upya, chakula kwa chakula. Mayai yarudi, ute hasa, kwa kuwa una protini nyingi na fosforasi kidogo, madini mengine ambayo figo zilizoshindwa haziyatoi. Samaki na kuku warudi. Maharage kiasi, kwa sababu fosforasi ya mimea mwili hauichukui yote. Ile inayotiwa kiwandani kwenye nyama za kusindika na soda nyeusi huingia karibu yote, hiyo ndiyo ya kukwepa. Viazi akatekate vidogo, achemshe kwa maji mengi, ayamwage, na potasiamu nyingi itaondoka nayo. Vidonge vya kufunga fosforasi, vinavyoinasa ikiwa bado kwenye chakula tumboni, amekuwa akivimeza usiku kabla ya kulala, ambapo havina kazi. Avimeze anapokula.

"Kwa hiyo yai naruhusiwa?" Ananiuliza mara mbili.

Saa 6:00 mchana

Sindano zinatolewa, tunabana damu ikatike, presha ya kukaa, presha ya kusimama. Mzee bado yuko kwenye mashine.

Saa 9:20 alasiri

Simu. Ni mke wa mzee, nilimwomba asome maandishi ya nyuma ya pakiti ya supu. Anasoma polepole: sodiamu, ndiyo ile ya kwenye chumvi, miligramu 900 kwa bakuli. Mumewe tumemwekea 2,000 kwa siku nzima.

Ananyamaza kidogo. "Na alikunywa bakuli mbili."

"Si kosa lenu, mama. Hakuna aliyewaonyesha."

Anauliza kuhusu ile chumvi mbadala. Namsihi asiiguse: nyingi hutengenezwa kwa potasiamu, na kwa asiye na figo inaweza kuusimamisha moyo. Atumie vitunguu saumu, limau, pilipili. Anaandika, namsikia akimuuliza mtu kalamu nyingine. Kisha mzee mwenyewe anachukua simu, sauti imechoka.

"Sista, Jumatano nikija nimepungua, ile baiskeli nitapewa?"

"Njoo na 64, mzee wangu, nitakufungia mwenyewe."