Kalamu nimenunua, programu sikodi

Watu wakiniandikia kuuliza wanunue tableti gani ya kuchorea, huwa nawauliza kwanza: pesa yako inaingia lini? Wengine hudhani nawakwepa, lakini bila jibu la hilo swali sina cha kuwashauri. Mimi ni mchoraji wa kujitegemea hapa Kampala, kazi zangu zinachapwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji, na Nasser Road pesa haina tarehe. Inakuja kwa misimu. Shule zikikaribia kufunguliwa Februari kuna vitabu, chati za ukutani na vifuniko vya madaftari. Mwaka wa uchaguzi kuna mabango mpaka watu wanalala kwenye karatasi. Baada ya hapo inakuja miezi ambayo hata mtu aliyepita kuulizia tu bei ya kadi za harusi anavutiwa kiti.

Nauliza hivyo kwa sababu tableti haichori bila programu, na programu ya kulipia kila mwezi imetungwa kwa ajili ya mtu wa mshahara. Haikuwa hivi tangu mwanzo. Adobe, kampuni ya Marekani yenye Photoshop ya kuhariri picha, walikuwa wanauza programu zao mara moja: ukishalipa, ni yako mpaka kompyuta ife. Toleo la CS6 la mwaka 2012 ndilo lilikuwa la mwisho kwa mtindo huo. Mei 2013 wakatangaza kwamba matoleo mapya yatakuwa ya kulipia kwa muda tu. Photoshop peke yake, kwa bei ya Marekani, ni dola 22.99 kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi 80,000 za Uganda. Mwezi wa mabango hizo si pesa za kunikosesha usingizi. Tatizo ni ile miezi mingine. Jembe la kukodi unalirudisha mvua zikiisha. Hili halirudishiki, kwa sababu bei hiyo wengi wanayoiona ni ya mkataba wa mwaka mzima uliokatwa vipande kumi na viwili, na ukijitoa katikati kuna ada ya kujitoa. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe mahakamani ikidai kwamba ada hiyo ilifichwa wateja wasiione. Wamarekani wenyewe, wenye kadi za benki tangu ujana, wamelalamika. Sembuse sisi.

Na sisi tunalipaje? Wengi tunatumia kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pesa za simu. Unaweka shilingi, kadi inazigeuza dola. Dola yenyewe haikai mahali pamoja. Miaka hii imekuwa ikicheza kati ya shilingi 3,500 na 3,800 hivi, kwa hiyo kiasi kilichotosha mwezi uliopita leo kinapungua shilingi chache, malipo yanakataliwa, na wewe mteja amekukalia kichwani. Halafu kuna suala la intaneti yenyewe. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Programu inayotaka kuingia kwenye akaunti yako kila baada ya muda ndipo iendelee kufunguka haina habari na mambo ya Kampala. Inakutazama tu.

Tusidanganyane, mtaani jibu la wengi ni kukraki, yaani kutumia programu iliyovunjwa kufuli ili isilipiwe. Simhukumu mtu, ninajua bei. Mimi programu hizo nimeziacha kwa sababu ya flashi. Nasser Road kazi inatembea kwa flashi: kutoka kwa mchoraji kwenda kwa mtu wa pleti, yale mabati ya kuchapia, kwenda kwa mtu wa mashine, kurudi. Programu ya kukraki ikileta kirusi, kesho yake mafolda ya mteja yote yamegeuka njia za mkato, na jina linalotajwa ni lako.

Kalamu ndiyo niliyokubali kuitolea pesa. Hajji mmoja mwenye mashine ya kuchapa, ambaye huniita binti ingawa nina watoto wawili, alinikuta siku moja nachora akasimama nyuma yangu. Akaichukua kalamu, akaipima mkononi, akaitikisa sikioni.

“Binti, hii haina wino.”

“Haina, Hajji.”

“Betri iko wapi?”

“Haina betri pia.”

Akanitazama kama anayetafuta nani wa kuja kunichukua. Nilikuwa na kalamu ya zamani iliyopasuka, nikaifungua mbele yake. Ndani, karibu na ncha, kuna waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kwenye kijiti cheusi, na nyuma yake kibao kidogo cha saketi. Basi. Umeme unatoka kwenye tableti yenyewe, ule ubao uliounganishwa na laptopu: chini ya ule uso kuna waya zinazotoa mawimbi ya sumaku, koili ya kalamu, yaani ule waya uliozungushwa, inayapokea na kuyarudisha, na tableti inajua kalamu iko wapi hata kabla haijagusa. Ukikandamiza, yale mawimbi yanabadilika, na mstari unanenepa. Wajapani wa Wacom, kampuni iliyoanza 1983, ndio waliojulikana kwa kalamu za namna hii. Siku hizi Wachina kama Huion na XP-Pen nao wanauza zisizo na betri kwa bei ambayo mtu wa kwetu anaweza kuijadili. Hajji alisikiliza yote, kisha akauliza kama ile shaba inauzika.

Kwa nchi ambayo umeme unakatika ukiwa katikati ya kazi, kalamu isiyohitaji chaji ni neema. Laptopu inabaki na betri yake, kalamu haina wasiwasi. Wenye iPad wana Apple Pencil, kitu kizuri kweli, lakini inachajiwa, na kuna jambo wauzaji wa maduka ya katikati ya jiji hawalisemi: ile ya bei nafuu ya USB-C iliyotoka 2023 haisikii mkandamizo. Kwa kuandika maelezo darasani inafaa sana. Kwa kuchora, unalipia kijiti cheupe.

Nitakuonyesha maana ya mkandamizo. Tangu Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kama somo la lazima shuleni, nimekuwa nikipata kazi za picha za vitabu vya Kiswahili vya watoto. Picha ya ng'ombe niliyopewa kama mfano ilikuwa ya yule mweusi mwenye madoa meupe, vipembe kama vidole. Mtoto wa Mbarara, magharibi mwa Uganda, akimwona huyo atauliza ni mnyama gani. Nikachora wa Ankole, yule wa kwao mwenye pembe ndefu. Pembe ya Ankole huwezi kuichora kwa kubahatisha: inaanza nene kichwani, inapanda ikijitanua nje, inarudi ndani, inakwisha kwa ncha, na yote hayo ni mkono mmoja bila kuinua kalamu. Unaanza umekandamiza, unaachia polepole kuelekea juu. Kalamu isiyosikia mkono inakupa bomba la maji.

Hapo usisumbuliwe na namba ya 8,192 iliyoandikwa kwenye boksi. Hizo ni ngazi za mkandamizo, na mimi sijawahi kuhisi tofauti yake na tableti yangu ya zamani yenye 2,048. Jaribu kitu kingine dukani: gusa kwa wepesi kabisa, kama unapangusa vumbi. Mstari ukitokea, kalamu ni nzuri. Ukilazimika kusukuma ndipo uonekane, iache.

Ncha zinalika. Ikishakatika upande mmoja kama patasi, itaanza kuukwaruza uso wa tableti, kwa hiyo ing'oe kwa ile pete iliyokuja kwenye boksi uweke nyingine. Wengine tunabandika karatasi ya kawaida juu ya tableti kwa selotepu. Kalamu inasoma bila shida, mkono unahisi unachora kwenye karatasi, na uso unapona, ila ncha zitakwisha haraka zaidi. Mimi nakubali hasara hiyo. Na kama mkandamizo umegoma kabisa kwenye Windows, usiirudishe dukani kabla ya kufungua mipangilio ya tableti ndani ya programu na kubadilisha kati ya Wintab na Windows Ink, njia mbili za kompyuta kuisoma kalamu. Mara nyingi ugonjwa ni huo.

Upande wa programu, nachora kwa Krita. Ni ya bure, inafunguka bila intaneti, na ina kitu ambacho mtu wa kuchapa hawezi kukikosa: unaweza kufanya kazi moja kwa moja kwenye CMYK, yaani zile rangi nne za wino wa kuchapa. Uliza mtu yeyote wa mashine kuhusu faili za RGB, yaani rangi za mwanga wa skrini, atakusimulia. Maandishi meusi ya RGB yakigeuzwa hupakwa rangi zote nne badala ya nyeusi peke yake, na pleti zikihama kidogo tu, kila herufi inaota kivuli chekundu upande mmoja na cha buluu upande mwingine. Inkscape, programu nyingine ya bure, naipenda kwa nembo, lakini kwa ndani ni ya RGB, kwa hiyo kazi ya kuchapwa naipitisha kwanza Scribus, programu ya kupanga kurasa, hapo ndipo naweka maandishi na kutoa PDF. Ni mzunguko, ndiyo. Scribus ina sura ya ofisi ya serikali na inakuuliza maswali hivyo hivyo.

Wenye iPad nawaambia wanunue Procreate, programu ya kuchorea inayotengenezwa Tasmania na kuuzwa mara moja, dola 12.99, chini ya shilingi 50,000. Hiyo ndiyo namna ya kuuza programu ninayoielewa.

Kuhusu Affinity, programu ya kubuni na kupanga kurasa, maana najua mtaniuliza. Ilikuwa ya kununua mara moja, Canva, wenye tovuti ya kubuni, wakainunua kampuni yake Machi 2024, na Oktoba 2025 wakaifanya ya bure, ila ufungue akaunti yao. Nimeipakua. Ni nzuri, nzuri sana hata, na CMYK inaijua vizuri. Vifuniko vya vitabu nimeanza kuvipangia humo. Picha za ndani bado ziko Krita, na kila kifuniko nikimaliza natoa PDF na TIFF, faili zinazofunguka hata bila Affinity, naweka kwenye diski ya nje siku hiyo hiyo, kabla sijampigia mteja.