IST yangu ya zamani au toleo jipya?

Kwa muda wa miezi miwili nimekuwa nikijiuliza iwapo niuze gari langu, Toyota IST ya mwaka 2004, ili ninunue ile ya toleo la pili, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2007. Nilipochunguza, niligundua jambo ambalo madalali wa magari hapa Dar es Salaam hawakunitajia: injini ya 1NZ-FE, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,497 na mnyororo badala ya mkanda wa taimingi, imo katika matoleo yote mawili. Tofauti kubwa iko kwenye gia boksi, kwa kuwa yangu ni otomatiki ya gia nne ambayo fundi wangu anaifahamu vizuri, ilhali nyingi za toleo jipya zina CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, inayodai oili yake maalumu.

Toleo jipya ni pana zaidi, nalo linapendeza. Hata hivyo, jana asubuhi nilichomoa kijiti cha kupimia oili cha gari langu la zamani, nikakifuta na kukirudisha, kikatoka na oili safi iliyofika alama ya juu. Nimeamua kubaki na hilo la zamani, na fedha nilizoweka nitanunulia shokapu nne na matairi.