Anti, hio baiskeli haitapinda

Anti yangu wa Nyalenda, Kisumu ni mtu wa kilo mia na kitu, na vile presha imekuwa ikimsumbua daktari akamwambia aanze mazoezi. Sasa amekuwa akiniona kwa video nikienda kazi na baiskeli hapa Utrecht. Huku Uholanzi baiskeli ni nyingi kuliko watu, steshoni peke yake iko na pakingi ya baiskeli 12,500, na unapata shosho wa miaka sabini, mama na watoto wawili, mtu mnene kushinda anti, wote wanapiga pedali na hakuna mtu anageuza shingo kuwaangalia. Akaniuliza, "Nyathina (mtoto wangu), na mimi nikikalia hio kitu si itapinda?"

Nilicheka sana ju yeye mwenyewe amebebwa na boda za baiskeli hapo Kisumu tangu tukiwa watoto. Piga hesabu tu: mwenye baiskeli kilo 65, abiria 80, alafu mzigo wa omena kwa mapaja. Hao watu walianzia mpakani Busia kabla pikipiki zijae na black mamba, ile baiskeli nyeusi ya chuma, ndio ilikuwa inafanya hio kazi yote. Anti na uzito wake wote hafikii ule mzigo.

Lakini sikumwambia anunue black mamba. Ina nguvu ndio, lakini yenyewe ni nzito, gia ni moja, na zile breki za vyuma mvua ikinyesha ni kama kuomba Mungu tu. Mtu mzito anahitaji breki inayoshika ju kusimama kunamchukua mbali zaidi. Nikamwambia aende soko la Kibuye kwa mitumba atafute mountain bike ya gurudumu inchi 26, isiwe na shoku (springi) nyuma, taya nono, gia ndogo za kutosha, na kama anavaa rinda achukue ile fremu haina chuma ya juu. Huku ata wanaume wanapanda hizo, hakuna noma.

Fundi naye alikuwa amemshikia moja ina shoku mbili inang'aa kama pikipiki mpya. Nikamwambia anti asonge na simu karibu na gurudumu la nyuma, ju hapo ndio uzito mwingi unakaa na spoku za hapo ndio hukatika kwanza, fremu ni nadra. Tukahesabu, 28. Hapana, ni chache kwa uzito wake. Nyingine ilikuwa na rangi imechubuka lakini spoku 36, nikamwomba fundi azigonge na kidole moja moja tusikie kama zinalia sawa, tatu zikalia za kulegea. Akazikaza hapo hapo, akazungusha gurudumu mbele ya breki mpaka ikaacha kuyumba. Fundi hakufurahia lakini tuliichukua.

Kiti, watu wote wanakimbilia ile pana ya sponji nene. Ukiendesha kidogo tu utaskia sawa, lakini ukikaa zaidi sponji inabonyea inakufinya pahali hutaki. Bora iwe pana ya kubeba mifupa ya makalio na iwe ngumu kiasi. Upepo pia ujazwe vizuri, ukiona taya imelala chini yako utapata pancha kila siku.

Kuendesha sasa. Anti hakuwahi jifunza, wakati wao baiskeli ilikuwa ya vijana wa kiume. Huku wamama wengi waliotoka nchi zingine wanajifunza wakiwa wakubwa na njia ni rahisi: toa pedali zote mbili, teremsha kiti mpaka nyayo zote zikanyage chini, alafu sukuma na miguu ukiangalia mbele, usiangalie gurudumu. Balansi ikiingia rudisha pedali na upandishe kiti polepole, ukikiacha chini magoti yatakulilia. Alianza asubuhi mapema kabla watu wa kucheka waamke, kwa uwanja wa shule karibu na nyumbani, binamu yangu akikimbia kando.

Saa hii anaenda mpaka Dunga ju huko ni tambarare. Riat nimemkataza kwanza, hio kilima ata mimi nashuka. Kuanza si mbio, dakika kumi na tano inatosha na mapaja avalie kaptura ya kubana chini ya rinda la sivyo atachubuka. Amerudisha gurudumu kwa fundi likazwe tena ju spoku hulegea baada ya siku za kwanza, na sasa ananisumbua nimtumie kava ya cheni, leso yake imeshaingia huko na imetoka na grisi.