Kufungua plastiki za ndani ya gari bila kuzivunja

Kinachoharibu kava nyingi za milango ni bisibisi bapa. Ni chuma chembamba, hivyo nguvu yote inakaa sehemu moja: plastiki inabonyea, rangi inachubuka. Tafuta nyenzo za nailoni, yaani vifaa vya kubanulia. Mbili zinatosha kuanzia, moja pana na nyembamba ya kuingiza kwenye mwanya, nyingine yenye ncha ya V ya kung'olea klipu, vile vibanio vinavyoshika kava kwenye bodi. Kabla hujalipa, bonyeza ncha kwa kidole gumba. Ikijikunja kama mpira, iache.

Baridi ya Juni na Julai, Mbeya au Makambako, inaifanya plastiki ipasuke upesi, hasa ya gari la zamani. Anika gari juani kwanza, au washa hita dakika 15. Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayookoa kava.

Kwenye mlango, tafuta skrubu zilizofichwa nyuma ya mkono wa kufungulia na ndani ya kishikio. Mara nyingi ni za bisibisi ya nyota namba 2. Usivute chochote kabla hujazitoa zote. Kisha ingiza wenzo pale pale penye klipu, si katikati ya klipu mbili. Ukivutia mbali, kinachong'oka ni kitako cha klipu kilicho kwenye kava, na hicho hakina spea. Klipu zenyewe zinapatikana. Kaa na tano za akiba.

Kava za nguzo za pembeni mwa vioo zenye maandishi ya AIRBAG (mfuko wa hewa wa usalama) usiziguse kabla ya kuzima swichi ya gari, kutoa waya hasi wa betri na kusubiri dakika 3.